Maji Aliyotawadha Dada Yangu

Mishi mwanangu,

Habari za sweta, za dawa ya tumbo, za nani atakupokea huko na nani usimwamini, baba yako ameshazisema mpaka koo limemkauka, na ami yako amezirudia kama kwamba baba yako hakusema. Mimi sina la kuongeza. Sijavaa sweta maisha yangu. Nguo zako nimezikunja, na achari ya ndimu nimeifunga mifuko juu ya mifuko. Ikivuja, ivuje juu ya vitabu, nguo ziokoke.

Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, nawe utasema "basi mama, basi," na tutakuwa hatujasema kitu. Umekwenda Changamwe na baba yako kuwaaga watu wa kwao. Nimeshasali alasiri. Nduguyo Swaleh amelala chumbani, feni inampulizia miguu. Nimekaa jikoni, mahali pangu, na kalamu uliyoisahau juu ya meza.

Nataka kukueleza habari za Mama mkubwa wako. Unazijua nusu, na nusu hiyo umeipata kwa kuunga maneno ya watu. Sitaki uende kusoma nchi ya mbali na habari ya kuungaunga.

Dada yangu Mwanajuma hakujaliwa mtoto. Aliolewa kabla yangu akakaa na mumewe Kisauni, kule Mwandoni, na kila alipovuka kuja kwetu Likoni hakuja mikono mitupu. Ulipozaliwa wewe, yeye ndiye aliyekuosha mpaka arubaini ikaisha, mimi nimejilalia kama malkia. Ukimlilia usiku, aliamka yeye. Nilikuwa nikimwambia, "Da Mwanajuma, wamharibu mtoto," naye akinijibu, "Waharibike wote, nitawalea mimi." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nakuandikia haya kwa sababu nyote mlikuja kumjua kwa jambo moja tu, na jambo hilo nililianzisha mimi.

Swaleh alizaliwa mtoto wa kutazamwa. Mnene, ngozi inang'aa, mikono ina pingili. Sikumtoa nje mpaka arubaini, na hata baada ya hapo nilimtia wanja kipajini ili asipendeze sana. Miezi ile hakupata hata mafua. Watoto wa majirani wanaharisha, wanakohoa, wa kwangu anacheka. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo, nawe unajua mtu anayejisifu kimoyomoyo anavyotembea barazani.

Alipoanza kujifunza kukaa, palikuwa na harusi Kisauni. Nikampeleka. Wanawake tumejaa ukumbini, dada yangu akampokea, akamshika vidole, akajitia anavila, akasema kwa sauti watu wote wasikie:

"Hebu tazameni mikono hii! Minono kama mahamri ya mamake!"

Wakacheka. Hakusema mashallah. Mimi nilisikia kwamba hakusema, na mwanamke aliyekaa kando yangu alisikia pia, akanigeukia akanitazama. Mtazamo ule ulikuwa mfupi tu, lakini nilirudi nao nyumbani.

Wiki haikuisha. Vidole vya Swaleh vikavimba, viganja vikavimba, nyayo zikavimba. Ukimgusa tu anapiga yowe. Mikono ile ile iliyosifiwa mbele ya watu. Mwanangu, wewe una shahada. Nambie, ungekuwa ni wewe, na hujui ulijualo leo, ungefikiri nini?

Kwetu, mtu anayeshukiwa kuwa na jicho baya hatukanwi. Huendewa kwa adabu, akaombwa atawadhe, na maji yaliyomtiririka yakakusanywa akaogeshwa mgonjwa. Ni katika dini na ni katika mila, na muungwana hakatai. Husemwa kwamba aliyeombwa anapewa nafasi ya kutengeneza alichokiharibu bila kukusudia. Wanaosema hivyo hawajaombwa. Nimeliona mwenyewe: aliyeombwa maji amekwisha kuhukumiwa, na anaosha uso mbele ya hakimu.

Nilikwenda Mwandoni peke yangu, na beseni langu mkononi. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Da Mwanajuma, mtoto hali yake si nzuri."

"Nimesikia. Nalitaka kuja jioni hii."

"Usije. Nakuomba utawadhe."

Akauweka ungo chini. Akalitazama lile beseni, kisha akanitazama mimi.

"Wewe Zuhura, waniomba mimi maji?"

"Nakuomba."

"Mimi nimtie Swaleh jicho?"

"Sisemi kwa kusudi. Jicho halina kusudi."

Nilidhani atanifukuza. Wallahi, nilikuwa nataka anifukuze, ili niwe na hakika. Akalivuta beseni, akaosha uso, akaosha mikono mpaka viwikoni, akapangusa kichwa, akaosha miguu, mmoja kisha wa pili. Hakuharakisha. Alipomaliza akayamimina maji katika dumu dogo, akakaza kifuniko, akanipa mkononi.

"Mola ampe shifaa," akasema. "Akipata nafuu nipigie simu."

Nilimwogesha Swaleh maji yale, na baada ya siku chache uvimbe ukatelemka, akanyonya, akacheka. Sikumpigia simu dada yangu. Wewe umenieleza kwamba uvimbe ule huja na huondoka wenyewe, maji yawepo yasiwepo. Wakati ule niliona nimepata ushahidi. Maji yake yamemponya, basi jicho lilikuwa lake. Kupona kwa mtoto kulimtia hatiani kuliko kuugua kwake.

Ukaja uvimbe wa pili, na homa, na macho ya manjano. Nikampigia dada yangu nikamwambia asikanyage kwangu. Akajibu, "Haya." Neno moja. Wewe ulikuwa mtoto wa darasa la nne au la tano, ukawa unauliza kila Idi, "Mama mkubwa haji?" nami nikakwambia ana kazi. Mwanamke asiye na mtoto na asiye na duka, nikamzulia kazi.

Swaleh alipofika miaka miwili tulimpeleka hospitali ya maana, wakamtoa damu, wakatuita ndani. Daktari akasema ni sikoseli, ugonjwa wa damu, na kwamba kaupata kwangu na kwa baba yako, kila mmoja amempa nusu bila kujua. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Daktari, kama kazaliwa nao, mbona miezi ya mwanzo alikuwa mzima? Hakuumwa hata siku moja."

Daktari alikuwa na foleni mpaka mlangoni. Simlaumu.

"Mama, ndivyo ugonjwa huu ulivyo," akasema.

Nikatoka na swali langu, na njiani nikalijibu mwenyewe. Kazaliwa nao, sawa. Ulikuwa umelala. Jicho ndilo lililouamsha. Unaona, mwanangu? Niliambiwa kweli, nikaikubali, nikaitafutia nafasi kando ya uongo, vikakaa pamoja bila kugombana kwa miaka. Mtu anayetaka wa kumlaumu hakosi mlango wa kuingilia. Na ukweli mwingine ni kwamba nilimhitaji. Kama si yeye, basi ni mimi na baba yako, na damu yetu, na ile ndoa tuliyoifurahia. Bora awe yeye.

Kisha ukaja likizo kutoka chuoni, umekonda, kichwa kimejaa.

Siku ile naikumbuka sana. Nilikuwa nimeroweka mbaazi za kuuza asubuhi na mahamri. Swaleh alikuwa ametoka kuumwa. Nami, kwa kuchoka tu, nikakuuliza lile swali langu la zamani: mbona miezi ya mwanzo alikuwa mzima? Ukaruka juu kama uliyeokota dhahabu.

"Nipe uzi, mama. Na mbaazi."

"Utaniharibia mbaazi. Za kesho hizo."

"Tembe chache tu! Hutafilisika."

Ukakata uzi mweupe mrefu, ukautia alama mbili kwa wino, moja nyekundu na nyingine buluu. Ukauzungusha kwenye tembe ya mbaazi karibu mara mbili, ukaruka kidogo, ukauzungusha kwenye tembe nyingine, na nyingine, mpaka ukakaa mkononi mwako kama tonge. Ukasema ndani ya kila chembe ya mwili wetu umo uzi wa vinasaba ambao ukinyooshwa unanipita mimi kwa urefu, nao umezungushwa hivyo hivyo juu ya protini zilizoviringana, ndiyo maana unaenea. Uzi mzima umeandikwa maagizo: ya ini, ya nywele, ya damu. Lakini chembe haisomi yote. Palipozungushwa na kubanwa sana, wasomaji hawapenyi. Wakitaka kusoma mahali, panafunguliwa kwanza: protini zinabandikwa alama ndogondogo zinazozilegeza mkono, na wasaidizi wengine wanakuja kuzisukuma pembeni, uzi ukabaki wazi kwa muda, ukasomwa. Kisha panaweza kufungwa tena.

Nikakuuliza, "Na yaliyofungwa yanafutika?"

"Hayafutiki, mama. Yapo vile vile. Hayafikiki tu."

Kisha ukanionyesha ile alama nyekundu. Hayo, ukasema, ni maagizo ya damu ya mtoto wa tumboni, na ya Swaleh hayana kosa lolote. Buluu ni ya damu ya ukubwani, na humo ndimo limo kosa tulilompa. Tumboni, nyekundu iko wazi. Mtoto akishazaliwa, mwili unaanza kuifunga nyekundu na kuisoma buluu, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Kwa kila mtoto duniani, awe wa Likoni au wa Nyali. Ukauvuta uzi, ukauzungusha, nami nikaiona nyekundu inaingia chini ya mbaazi inapotea.

"Kwa hivyo miezi ile..."

"Miezi ile alikuwa akiishi kwa damu ya tumboni. Ilipopungua ndipo ugonjwa ukaonekana, na mara nyingi huanzia kwenye mikono na miguu. Ingekuwa wakati ule ule, mama, hata kama mngejifungia ndani msionane na mtu."

Hukujua ulichosema. Ulikuwa na furaha ya mtu aliyeelewa kitu akakieleza vizuri. Nikakutuma dukani ukanunue nazi, na nazi zilikuwapo nyuma ya mlango, na wewe uliziona, ukaenda. Nadhani siku ile ndipo ulipoanza kujua.

Sisemi jicho halipo. Mtume wetu amesema lipo, na mimi ni nani? Nasema halikuwa la dada yangu.

Na kuna jambo jingine ulilonipa siku ile ambalo sijakushukuru kwalo, na sijui kama nitakushukuru. Ulinambia damu nzuri ya Swaleh imo ndani yake mpaka leo, imeandikwa, haijapungua herufi, imefungwa tu. Ukaliita hilo tumaini. Vile vidonge vyake vya kila siku vinaifungua kidogo, ukasema, na huko kwenye nchi za wenye nacho wameshaanza kuifungua zaidi. Wewe unaweza kuishi na neno hilo kwa sababu unakwenda kulifanyia kazi. Mimi nabaki nalo hapa. Maumivu yakimshika, anauma mto ili baba yake asisikie, nami namkanda miguu na nafikiri: imo humo humo. Chini ya mikono yangu. Nilikuwa na nafuu zaidi nilipodhani hana.

Sasa nakuja kwenye lile linalonifanya nikuandikie.

Ukidhani nilimkosea dada yangu kwa beseni, hujalifikia kosa lenyewe. Beseni lilikuwa ujinga na hofu ya mama, na hilo Mungu husamehe, na watu nao husamehe. Kosa langu ni kwamba baada ya ule uzi na zile mbaazi nilijua, na sikwenda. Nilijiambia nitakwenda Ramadhani, mwezi wa kusameheana. Ramadhani ikaingia nikasema nitakwenda Idi, na mahamri. Idi ikapita. Siku moja nilivuka kabisa, nikafika soko la Kongowea, nikanunua ndizi mbivu anazozipenda, nikasimama pale nikitafuta maneno ya kuanzia. Sikuyapata. Nikarudi na ndizi zangu, mkazila nyinyi. Nilikuwa naona haya, Mishi. Hofu ningeishinda, lakini haya ilinishika miguu. Kumwendea mtu kumwambia "nilikosea" si kazi, kazi ni kumwambia "nilikosea miaka kumi."

Presha ikampiga dada yangu asubuhi akiwa anafagia. Alizikwa siku ile ile. Mimi niliambiwa kesho yake, na jirani yake aliyekuja Likoni kwa shughuli zake, akadhani nimeshajua, akaniambia "pole" njiani. Nikamuuliza pole ya nini.

Nilikwenda matangani. Hakuna aliyenigombeza. Walinambia, "Tulijua hamsemezani, tukaona tusikutie mashakani." Mume wake akanikalisha uani, pale pale, akanisimulia kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Akasema tangu siku nilipokuja na beseni, Mwanajuma hakumbeba tena mtoto wa mtu. Majirani wakimpa mtoto awashikie, anasema mikono inamuuma. Harusini anakaa nyuma kabisa, watoto wakikimbilia kwake anainama, anatazama chini wapite. Alikuwa akisema, "Mimi nina jicho, nami sikulijua. Namshukuru mdogo wangu kunambia." Na kila mtu aliyetoka Likoni alimuuliza Swaleh anaendeleaje.

Aliamini, mwanangu. Mimi nilidhani amenikasirikia. Nilikuwa nikiogopa hasira yake wakati ule wote, kumbe hakuwa na hasira, alikuwa na imani, na imani hiyo niliitia mimi. Kwa uzi wa shilingi chache na konzi ya mbaazi ningeweza kukaa naye uani saa nzima nikamwambia, "Dada, tazama, si wewe. Ingekuwa wakati ule ule." Angeweza kubeba watoto mwaka mzima kabla ya kufa. Nilikuwa nayo habari hiyo, nimeikalia.

Nawe nilikufanyia nini? Ulikuwa Nairobi kwenye mitihani. Nikakuficha. Nikaongea nawe kwenye simu, nikakuchekea, nikakuuliza umekula. Uliporudi ukaambiwa, hukulia kwanza. Ulinikazia macho ukasema, "Mama, mimi nimecheka na wewe wiki mbili na Mama mkubwa yuko kaburini." Nilikujibu kwamba nimefanya hivyo kwa faida yako. Jibu hilo ndilo walilonipa mimi matangani, na halikunisaidia kitu.

Mwezi uliopita, Swaleh alipolazwa na kifua, nilikuwa nyuma ya pazia la kitanda chake wakati ulipoinama ukamwambia, "Nakwenda, na nikirudi nitarudi na dawa yako. Nakuahidi." Akaitikia kwa kichwa. Yule mtoto ana adabu, angeitikia hata ungemuahidi mwezi. Ulipoondoka nikamuuliza kama amefurahi. Akafikiri.

"Da Mishi asikimbie," akasema. "Alinambia ukifungua pasipopaswa unaleta saratani. Sasa akikimbia si atakosea?"

Kisha akaongeza, "Na mwambie, kufungua kwenyewe aanze na dirisha la wodi hii, joto litatuua kabla ya sikoseli."

Nilicheka nikatoka nje. Ana miaka kumi na tatu na ameona mbali kuliko sisi sote. Anajua kwamba kujua namna mlango unavyofunguka na kuufungua mlango wenyewe ni safari mbili, na ya pili haina tarehe. Wewe mwenyewe ulinambia wakubwa wa elimu hiyo bado wanauliza nani anamfungulia nani, na kwa nini mahali pengine hukataa. Mambo ambayo watu wazima na mitambo yao hawajayamaliza, wewe umeahidi kuyamaliza kwa ajili ya kitanda kimoja.

Sikukatazi kwenda. Nenda. Ukibaki utanichukia na utajichukia. Ninachokuomba ni kwamba ahadi ile uiache hapa, jikoni kwangu. Nitakaa nayo mimi. Kasome kwa kuwa unapenda, kwa sababu siku ile ya mbaazi uso wako uling'aa nami sijauona hivyo tena. Ukipata kitu kitakachomfaa Swaleh, alhamdulillahi. Ukipata kitakachomfaa mtoto wa mtu mwingine, ambaye hajazaliwa, wa mama usiyemjua, hiyo pia ni kazi. Na ikiwa hutapata, au utapata ukiwa umechelewa, usije ukasema ni wewe. Nimemuona mtu aliyebebeshwa ugonjwa asiouleta. Alizeeka nao, akawa hawezi kumshika mtoto. Sitaki kukuona wewe umejibebesha mauti ambayo hukuyaleta, kwa mikono yako mwenyewe, bila hata mtu kuja na beseni.

Sasa la mwisho, na hili usimwambie baba yako kwamba nimekwambia.

Jana yeye na ami yako walikaa sebuleni, mlango wa jikoni uko wazi. Wamekubaliana kwamba likitokea la kutokea kwa Swaleh, Mishi asiambiwe mpaka amalize mtihani. Ami yako akasema, "Atafanya nini akiwa huko? Maiti hangoji ndege." Baba yako hakujibu, na kwake kutojibu ni kukubali. Usiwakasirikie. Wanakupenda, na hiyo ndiyo njia wanayoijua ya kupenda mtu aliye mbali.

Na ami yako ana haki, maiti hangoji. Akiondoka alfajiri, alasiri yuko chini. Nakwambia leo, mchana kweupe, ili usijidanganye: ikitokea, hutawahi kumzika ndugu yako. Utakuwa kwenye chumba cha baridi, na watu usiowajua, na sisi tumeshamaliza.

Lakini utajua. Nitakupigia mimi mwenyewe, kabla hajaoshwa, hata kama siku hiyo ndiyo ya mtihani wako mkubwa. Hutacheka na mtu kwenye simu hali ndugu yako yuko kaburini. Hilo sitakufanyia mara ya pili.

Ili usiiogope simu yangu, nitakupigia kila Ijumaa bila sababu yoyote. Utanipa shikamoo yako, nami nitakuitikia marahaba, nitakuuliza juu ya baridi na utanidanganya, nitakuuliza umekula nini na utanidanganya tena. Swaleh atanipokonya simu akutukane kidogo. Hizo zote ni simu za kawaida, zipokee ukiwa njiani, ukiwa unapika, popote. Ila siku nitakayokuita jina lako kabla hujanipa shikamoo, keti chini, mwanangu. Mimi nitakuwa nimeshaketi.

Mamako,
Zuhura